Jumanne na Ijumaa Katika Gari la Meno

Kambi ya Kilimani, eneo la Djugu
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Papa Ephraïm,

Ni mimi Musoki, muuguzi wa meno. Tulionana mara moja tu, siku Docteur Mathieu, mkuu wangu, alipokuja kwako Ngezi kuchukua ile kamping-kari, gari la kulala ndani, uliyoigeuza kuwa kliniki. Tangu Aprili nalala na kufanya kazi ndani yake, katikati ya kambi ya waliokimbia vijiji vyao. Watu huku wanaiita gari la meno.

Naandika kwa karatasi kwa sababu mtandao wa simu umekatika tangu Julai. Barua inaletwa na Abdoul wa pikipiki, na jibu lako mpe yeye.

Umeme wa gari unakufa na kufufuka wenyewe. Taa ya juu ya kiti inazimika, pampu ya kuvuta mate inanyamaza, friji ya dawa za ganzi nayo inanyamaza. Baada ya saa moja, mbili, au kesho yake, vyote vinarudi bila mtu kugusa kitu. Imetokea mara tatu katika majuma mawili. Ijumaa nilikuwa nimeshika gego la mzee mmoja, limeshalegea nusu, giza likaingia. Mzee akauliza na koleo langu mdomoni: "Mama, umemaliza ao umechoka?" Nilimalizia kwa tochi.

Dereva Ambroise amebadilisha fizibli, yaani fyuzi, zote. Hazikuwa zimeungua. Anasema tununue betri mpya. Mimi sijui umeme, ila najua kwamba friji ikikaa siku mbili bila kufanya kazi, dawa zitaharibika, na sitang'oa jino la mtoto bila ganzi.

Njoo kama unaweza. Kama huwezi, niambie nifanye nini.

Musoki


Bunia, Ngezi
12 Septemba 2024

Mama Musoki,

Siwezi kuja. Mwezi wa Juni nilianguka na pikipiki barabara ya Ariwara, na nyonga haijakubali kukaa juu ya kiti cha mtu yeyote tangu siku hiyo. Na hata kama ingekubali, barabara ya kwenu leo inafunguliwa, kesho inafungwa. Kwa hiyo wewe utakuwa mikono na macho yangu.

Mwambie Ambroise aache kubadilisha vitu. Namheshimu, lakini akikaza skrubu hapa na kubadilisha fizibli pale, tatizo litatulia juma moja, tutashangilia, kisha litarudi na sisi hatutajua tuligusa nini. Hitilafu inayokaa mahali pake ni kazi ya dakika kumi. Hii inayokuja na kuondoka inatafutwa kwa daftari.

Chukua daftari jipya. Kila siku andika: ni saa ngapi umeme umekufa, saa ngapi umerudi, mvua au jua, nini kilikuwa kinawaka, nini kilifanyika ndani ya gari tangu asubuhi, na nani alikuwamo. Andika pia siku ambazo hakuna kilichotokea. Hizo ndizo watu wanasahau, na ndizo zinazosema zaidi.

Katika droo ya pili nyuma ya kiti cha dereva kuna kipimo chekundu cha umeme. Zungusha hadi V yenye mstari ulionyooka, namba 20. Gusa vyuma viwili vya betri. Pima vitu vikiwa vimezimwa, kisha pampu ikifanya kazi, kisha wakati umeme umekufa. Usikisie. Andika namba unayoiona.

Ephraïm


Kilimani
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Papa Ephraïm,

Daftari hili hapa kwa kifupi.

Betri, vitu vikiwa vimezimwa: 12.6. Pampu ikifanya kazi: 12.3. Umeme ukiwa umekufa: 12.5. Nilipima mara tatu nikidhani nimekosea. Betri ina nguvu na taa haiwaki.

Ijumaa tarehe 13 ulikufa saa nne na robo asubuhi, ukarudi saa tisa. Jua kali. Jumanne tarehe 17 ulikufa saa tatu na nusu, ukarudi Jumatano nilipoamka. Mvua. Jana Ijumaa ulikufa saa nne kasoro, ukarudi saa nane. Mawingu, bila mvua. Mara zote tatu pampu ilikuwa imeanza kufanya kazi muda si mrefu. Siku nyingine zote, hakuna kitu.

Kilichofanyika ndani ya gari: usafi asubuhi, kisha wagonjwa. Watu ni wale wale.

Ambroise ameudhika kidogo na barua yako, lakini ameacha skrubu. Anasema kama ni kuandika tu, hata yeye angekuwa fundi.

Musoki


Bunia
23 Septemba 2024

Mama Musoki,

Mwambie Ambroise nafasi ya mwanafunzi iko wazi.

Betri haina kosa. Msinunue nyingine. Nguvu inapotea njiani, kati ya betri na sanduku la fizibli. Umeme ukifa tena, usizime pampu. Pima betri, kisha pima kwenye sanduku, palipoandikwa + na −. Namba hizo mbili zitatuambia mengi.

Mvua na jua tumeviondoa: daftari lako lina siku ya jua, siku ya mvua, siku ya mawingu. Lakini umeniandikia Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Barua yako ya kwanza pia ilitaja Ijumaa. Waya haujui kalenda. Kuna kitu kinafanyika katika gari lile siku hizo mbili ambacho hakifanyiki siku nyingine.

Tena niliuliza nani alikuwamo. Ukanijibu "wale wale". Wewe unayeandika saa na robo, hapo umeandika kama mtu anayepita kizuizi cha barabarani, akiogopa kutaja jina. Ni nani?

Ephraïm


Kilimani
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Papa Ephraïm,

Ni Mama Ketsia.

Nina wasaidizi wawili, wote wa hapa kambini. Gracia anafanya Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Ketsia anafanya Jumanne na Ijumaa. Wanafanya usafi, wanachemsha vyombo, wanaita wagonjwa mlangoni. Ketsia ana miaka thelathini na minne na watoto watatu. Alikuwa mkulima wa maharage upande wa pili wa Djugu mpaka nyumba yao ilipochomwa na mume wake kuuawa. Ni msaidizi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Sikuliandika jina lake kwa sababu nilijua nikiliandika litakuwa shtaka. Huku limeshakuwa. Watu walitambua siku hizo kabla yako, bila daftari. Wanasema Ketsia akiingia, taa inakufa. Kisha wakaongeza: mume alikufa, ng'ombe wakafa, sasa taa. Ijumaa iliyopita watu tisa walitoka kwenye foleni walipomwona mlangoni. Nilimwambia akae nyuma, karibu na ndoo, Gracia aje kuita. Nilidhani namlinda. Sasa wanasema hata mimi namficha.

Hujaona bado ubaya wangu. Nilitaka kuthibitisha kwamba ni uongo, kama unavyofanya wewe, kwa kubadilisha kitu kimoja. Jumanne nikamweka Gracia. Umeme haukufa. Jana Jumatano nikamweka Ketsia, siku ambayo haijawahi kuwa yake. Saa nne na dakika tano umeme ukafa. Ambroise alikuwa amesimama pale. Aliniangalia tu, akaenda, na jioni kambi nzima ilijua kwamba muuguzi mwenyewe amefanya jaribio.

Papa Ephraïm, mimi nimesoma. Lakini jana, kwa muda, nilimwogopa. Na aliona.

Kamati ya kambi itakaa Jumamosi tarehe 5 Oktoba. Mwenyekiti ni Papa Kasereka, si mtu mbaya, ila anaogopa fujo. Wakiamua Ketsia aondoke kwenye gari, hatabaki kambini. Mwaka jana mwanamke mwingine alisemwa hivyo. Alitoka na watoto wake asubuhi moja kwa barabara ya kurudi kijijini, na hakuna aliyepata habari zake.

Namba zako: betri 12.5, sanduku 4.1, pampu ikiwa imewashwa.

Musoki


Bunia
28 Septemba 2024

Mama Musoki,

Usimwondoe.

Jaribio lako lilikuwa zuri. Ulichokisoma ndicho kibaya. Umethibitisha kwamba hitilafu inamfuata Ketsia. Hukuthibitisha kwamba inatoka kwa Ketsia. Mtu anayefika kazini anakuja na mikono yake, na mikono inafanya kitu. Gracia hakifanyi, au anakifanya kwa namna nyingine. Tunatafuta kitu hicho.

12.5 na 4.1 maana yake njia imebanwa. Waya kati ya betri na sanduku ni mmoja, mzima, unapita chini ya sakafu. Huenda umesuguliwa na chuma mahali fulani.

Mwambie Ketsia aniandikie mwenyewe. Usimsahihishe, usimsaidie. Aandike kila anachokifanya tangu anapopanda ngazi mpaka anapotoka, hata kile anachoona ni kidogo. Na mwambie kwamba simuulizi anajua nini. Namuuliza anafanya nini.

Ephraïm


Kilimani
30 Septemba 2024

Papa Ephraïm,

Miye ni Ketsia. Nilisoma mpaka sixième primaire, darasa ya sita tu, kwa hiyo utanivumilia.

Ninaingia saa kumi na mbili. Ninatoa ndoo za jana. Ninafagia. Ninachemsha vyombo juu ya gazi. Ninafuta kiti, ninafuta taa, ninafuta mulango. Halafu ninainua ile ubao ya nyuma ya kiti, yenye iko chini. Gracia haiinuake sababu iko nguvu na inachoma vidole. Lakini damu na maji ya midomo ya watu inaingia mule. Ukiiacha siku mbili, inanuka, na mutu yenye iko na jino ya kuuma hawezi kulala pale na ile harufu. Ninamwaga beseni mbili ya maji ya javeli, ile dawa kali ya kusafisha, ninasugua mpaka kwenye kona, ninafuta na kitambaa. Iko kitu moja nyeusi mule, imefungwa na mupira kama kidole yenye kidonda. Ile pia ninaifuta, sababu uchafu inabakia pale kwa nyuma. Ninaivuta kidogo, ninafuta, ninairudisha. Halafu ninafunga ubao. Saa tatu mama Musoki anaanza na bagonjwa.

Ni ile tu.

Mama Musoki amesema weye hauniulizi kama niko mulozi, muchawi. Aksanti. Weye ni mutu wa kwanza. Lakini nitakujibu. Kama ningekuwa na nguvu ya kuzima kitu, ningezima moto ya nyumba yetu. Sikuizima. Nilisimama mu mihogo na batoto, nikaiangalia mpaka ikaisha.

Ketsia


Bunia
2 Oktoba 2024

Mama Musoki,

Barua hii isomwe mbele ya kamati. Yote. Nimempa Docteur Mathieu nakala.

Kile kitu cheusi ni kazi yangu.

Machi 2022 nilipokuwa natengeneza gari hili, waya mnene niliokuwa nao ulipungua sentimita arobaini. Docteur alitaka gari Jumatatu, na ilikuwa Jumamosi. Nikaunganisha kipande kingine kwa kukisokota, nikakifunga na mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, uliokatwa vipande. Hivyo ndivyo tunavyofunga kila kitu hapa Bunia, bomba la maji, fremu ya baiskeli, mpini wa jembe. Mpira unakaza vizuri. Nilimwambia Docteur waya ni mmoja. Juma lililopita nikakuandikia wewe pia kwamba ni mmoja, mzima. Namba zako zilikuwa zimeshaniambia kwamba sivyo. Nilitumaini ni kitu kingine. Nilijua kuna mwanamke anayesubiri barua yangu, na bado nilitumaini.

Mpira ule ukibana, unazuia kidogo tu maji kuingia, na unayazuia kutoka kabisa. Ketsia anasafisha mahali pachafu kuliko pote katika gari, kwa maji ya javeli, na javeli inakula shaba. Nyuzi za waya zimekatika moja moja kwa miezi. Zilizobaki zinashikilia hadi mkono unapozivuta kwa kitambaa. Taa ikiwaka peke yake, nyuzi hizo zinaibeba. Pampu ikianza kuvuta nguvu nyingi, zinaachia. Baadaye zinapoa, zinagusana tena. Siku za Gracia hakuna mkono unaofika pale, kwa hiyo zinatulia. Hitilafu ilifuata Jumanne na Ijumaa kwa sababu Jumanne na Ijumaa ndizo siku ambazo gari lilisafishwa.

Ijumaa, Gracia ainue ubao na kuosha kama Ketsia, Ketsia akiwa nyumbani kwake. Umeme ukifa, andika saa. Kisha Jumamosi, mbele ya watu wote, Ambroise atoe nyaya za betri, akate ule mpira kwa wembe, aufungue. Asitengeneze kabla watu hawajaona.

Abdoul ana waya mpya, mita tatu, kipande kimoja. Upite juu, ubavuni mwa kabati, mahali maji hayafiki.

Ephraïm Lonu, fundi
Avenue ya nyuma ya soko, Ngezi


Kilimani
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Papa Ephraïm,

Barua yako ya tarehe 2 ilifika tarehe 5, saa tatu na nusu asubuhi. Abdoul alizuiwa njiani siku mbili. Kamati ilikuwa imeshakaa, nje ya gari, watu kama mia wamewazunguka. Ketsia alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, watoto wake wamesimama nyuma yake. Alikuwa amefunga vitu vyao. Nilikiona kifurushi.

Kwa hiyo jaribio la Ijumaa halikufanyika. Niliomba tulifanye pale pale. Papa Kasereka akakubali. Gracia akainua ubao, akatia javeli, akasugua, akavuta kile kitu cheusi kwa ncha za vidole tu na kukirudisha. Nikawasha taa. Nikawasha pampu. Tukasubiri.

Haikuzimika. Dakika kumi, dakika ishirini. Mtu mmoja nyuma akasema, "Unaona? Ketsia mwenyewe iko inje." Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Mwanamke mmoja akaomba Ketsia aingie, ili tuone itakavyokufa. Nilikataa. Kama angeingia na ikafa, ungeweza kuleta waya kutoka hata Ulaya, isingesaidia.

Nikamwambia Ambroise afungue. Nilitegemea akatae. Alitoa nyaya za betri, akalala chini kwa tumbo, akakata mpira. Maji yakatoka. Alivuta harufu, akasema kwa sauti, "Javeli." Kisha akatoa kipande chote nje, akamwekea Papa Kasereka mkononi. Shaba ilikuwa imekuwa unga wa kijani. Ambroise alihesabu nyuzi zilizobaki nzima, mbele ya watu: nne. Upande mwingine, ambako waya haujaoza, aliacha kuhesabu alipofika sitini.

Bado hawakunyamaza. Kijana wa kamati alisema mtu anaweza kuozesha waya kwa njia nyingine pia. Ndipo nilipowasomea barua yako. Yote, kama ulivyotaka, mpaka mahali pa "bado nilitumaini". Nilisoma jina lako na avenue yako.

Hapo mambo yakageuka, na nimefikiri sana kwa nini. Si shaba. Watu hawa wamechomewa nyumba, wameibiwa ng'ombe, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyekuja kusema ni mimi, naitwa fulani, nakaa mahali fulani. Papa Kasereka aliiomba barua, akaisoma tena mwenyewe kimya. Kisha akasema, "Huyu mutu wa Ngezi anasema ni yeye. Sasa siye tutamufukuza nani hapa?"

Kamati iliamua Ketsia abaki kwenye gari na kambini. Wawili kati ya saba hawakuinua mkono. Nakuandikia hilo ili usidhani kila kitu kimekwisha. Kuna akina mama ambao bado wanauliza ni siku ya nani.

Waya mpya umewekwa. Betri 12.3, sanduku 12.2, pampu ikifanya kazi. Ambroise ndiye aliyepima, na alitaka uambiwe hivyo.

Nilimwomba Ketsia msamaha kwa ajili ya Jumatano ile. Alisema, "Nilijua mama."

Musoki


Kilimani
Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Papa Ephraïm,

Ni Ketsia tena.

Siku mama Musoki alisoma barua yako, sikukasirika. Nilikasirika kesho yake, nilikuwa ninafungua kifurushi ya batoto. Kwa muda ya juma tatu nzima, mutoto wangu mukubwa alikuwa anaenda kuchota maji peke yake, sababu hakuna mutu alitaka kusimama nyuma yake kwa foleni. Na weye ulijua iko kitu yako mule chini. Ninakuambia ili ujue. Halafu niliona pia hakuna mutu alikulazimisha uandike. Ungeweza kusema panya ilikula waya. Vyote viwili viko ndani yangu, sijue kimoja kitashinda lini. Usiniulize upesi.

Docteur Mathieu alituma neno kwamba tusiinue tena ile ubao. Nilikataa. Nilimwambia mama Musoki amwandikie: waya imetoka, uchafu haikutoka. Sasa hata Gracia anainua. Nilimufundisha kufunga kitambaa kwa vidole kwanza.

Jumanne walikuja watu sita tu. Batatu waliniangalia tangu wanaingia mpaka wanatoka, hata na mudomo wazi na pampu ndani. Taa haikuzimika. Mama moja aliniambia wakati wa kushuka, "Leo umetuhurumia." Sikujua kama ni kicheko ao ni kweli. Nilimwambia arudi Ijumaa, iko na jino ingine yenye imeoza.

Jana ilikuwa Ijumaa. Mama Musoki aliniambia nisikae tena karibu na ndoo. Nilifungua mulango, nikasimama pale bote wanione. Nilihesabu watu kumi na moja kwa foleni. Nilingoja kidogo nione nani atatoka. Alitoka mumoja. Nikaita namba ya kwanza.

Ketsia